Karatasi Zisizo na Majina

Nyumba ya walimu ninayokaa ina pande mbili, na upande wa pili amekaa Klementina Mayunga kwa miaka sita. Ukuta wa kati ni mwembamba. Nilimsikia akilia mwaka ule, na nilimsikia alipoacha kulia, na hilo la pili ndilo lililonitia hofu zaidi. Shule yetu sitaitaja jina. Ni ya kata, iko katikati ya mashamba ya pamba, na ukitoka Bariadi mjini kwa pikipiki unafika suruali imebadilika rangi kwa vumbi. Mimi nafundisha Baiolojia. Klementina anafundisha Kiingereza.

Alizaliwa Mwamanyili, upande wa Busega, kwa wazazi wakulima wa mpunga na pamba, baba yake akiwa pia katekista. Mpaka anaanza darasa la kwanza alijua Kisukuma tu. Kiswahili alikipata shuleni, na Kiingereza kikaja juu ya Kiswahili kama paa juu ya nyumba ambayo kuta zake bado hazijakauka. Alisoma kila kitu kilichomjia mkononi. Sarufi aliijua kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Lakini kuongea, mbele ya mtu anayekijua Kiingereza, hakuweza. Aliwahi kuniambia kwamba maneno huwa yamejipanga vizuri kichwani, na akifungua mdomo yanatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Kila wageni walipokuja shuleni, Klementina alikuwa na sababu ya kwenda kuangalia jambo fulani stoo.

Kwa hiyo alipoanza masomo ya shahada ya pili, yale ya kusoma ukiwa kazini, sikushangaa alichochagua kukitafiti. Alitaka kujua kwa nini watoto wanaokitaka Kiingereza kwa nguvu zote wanakikosa. Alinieleza siku moja tukichambua choroko kibarazani.

"Mama Jenifer, watu wanachanganya vitu viwili," alisema. "Kuna hamu, na kuna namna mtu anavyojiona. Unaweza kukitaka kitu mpaka ukakonda, na bado ukijitazama usijione nacho. Sasa wewe ukipima hamu peke yake utasema huyu mtoto yuko sawa. Kumbe hayuko sawa."

"Na hicho kingine unakipimaje?"

"Ndiyo kazi yenyewe," alisema, akacheka.

Alitengeneza dodoso la sentensi thelathini. Kumi na tano zilipima hamu: *Najifunza Kiingereza hata pale ambapo hakuna mtihani.* Kumi na tano zilipima mtoto anavyojiona: *Nikifumba macho, najiona nikiongea Kiingereza mbele ya watu bila kuogopa.* Kila sentensi ilikuwa na namba moja mpaka tano. Moja maana yake sikubali kabisa, tano maana yake nakubali kabisa. Mwishoni aliongeza mbili za mtego, zisizohesabiwa: moja ilisema nakipenda Kiingereza, nyingine ilisema nakichukia. Mtoto aliyezungushia tano kwenye zote mbili alikuwa anazungushia tu, hasomi, na karatasi yake ilipaswa kuwekwa pembeni.

Mwezi wa pili aliwagawia Kidato cha Nne wote, watoto mia moja na kumi na wanane. Nilikuwa pale kumsaidia kugawa. Aliwaambia kwa Kiswahili wasiandike majina, kwamba kila karatasi ina namba tu, na kwamba zaidi yake yeye hakuna mtu yeyote, mwalimu wala mzazi, atakayejua nani kajibu nini.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma akasimama. Aliitwa Sayi, binti wa Ndalahwa, mtu wa ng'ombe na pamba ambaye nyumba yake iko mbali kidogo na barabara. Alikuwa mrefu, mkimya, na darasani hakuwahi kunyoosha mkono, ndiyo maana tuligeuka sote.

"Madamu, na kama ukweli wenyewe ni mbaya?"

"Ukweli mbaya ndio ninaoutafuta, Sayi," Klementina alimjibu. "Mimi nakuahidi. Hautakurudia."

Msichana akakaa, akainama juu ya karatasi yake, na alikuwa wa mwisho kuirudisha.

Juma lililofuata Klementina alikuwa mtu mwingine. Alihesabu zile karatasi mezani kwake kila jioni baada ya vipindi, akigonga ukuta kuniita kila alipopata jambo. Karatasi thelathini na moja alizitia kwenye bahasha ya kaki na kuandika juu yake ZISITUMIKE, kwa sababu ya ule mtego. Ya kwanza kuingia humo ilikuwa ya Yakobo, kijana wa mwenye duka la pembejeo, aliyezungushia tano kuanzia juu mpaka chini, kwenye kupenda na kwenye kuchukia. Karatasi nyingi zilikuwa za katikati. Moja ilimfanya aje mlangoni kwangu nayo mkononi.

"Angalia hii. Hamu sabini na tatu kati ya sabini na tano. Anavyojiona, kumi na saba. Chini kabisa ni kumi na tano, huwezi kwenda chini ya hapo. Nimefundisha miaka kumi na mitatu, sijawahi kuona mtu aliyejiandika wazi namna hii." Akaigeuza karatasi. "Mama Jenifer, hii karatasi ningeweza kuijaza mimi."

Sikumuuliza ni ya nani, lakini yeye alijua. Alikuwa na daftari dogo lililolinganisha namba na majina, kwa sababu baadaye alitaka kutazama majibu hayo sambamba na matokeo ya mtihani. Alipomaliza kuhesabu, daftari na karatasi zote vilikaa kwenye kabati la ofisi ya walimu, vimefungwa kwa ufunguo.

Mwezi wa tatu mkuu wetu wa shule, Mwalimu Marcelo, alitangaza kambi. Kambi za kitaaluma si jambo geni kwetu. Watoto wa madarasa ya mtihani hulala shuleni, husoma asubuhi mpaka jioni, na matokeo hupanda. Lakini bweni letu la muda lilikuwa na nafasi hamsini, na watoto walikuwa mia moja na kumi na wanane. Mwalimu Marcelo alikuwa na siku nne za kuchagua. Si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu Klementina mwenyewe, hata katika siku zake mbaya kabisa, hakuwahi kusema kuwa ni mtu mbaya.

Mkuu alimwita ofisini. Klementina alinisimulia baadaye neno kwa neno.

"Mwalimu, wewe umewapima hawa watoto," mkuu alimwambia. "Mimi nina alama za mtihani wa majaribio, na unajua zilivyo, wote wamefeli sawasawa. Nahitaji wenye moyo. Wewe una kipimo cha kisayansi, mimi nina macho tu. Nisaidie."

Angeweza kukataa. Alijua kwamba anapaswa kukataa. Lilikuwa limeandikwa katika fomu ya chuo ya utafiti aliyoisaini yeye mwenyewe. Lakini katika miaka kumi na mitatu hakuna mtu aliyewahi kumwambia Klementina Mayunga kwamba ana kitu ambacho wengine hawana. Aliniambia kwamba wakati mkuu anaongea aliona mwili wake unakuwa mwepesi. Akaenda kabatini, akafungua, akaleta karatasi na daftari. Bahasha ya kaki nayo ilikuwa humo humo, na mkuu akachukua vyote kwa mkono mmoja.

"Ila, Mkuu, namna ya kuzisoma hizi—"

"Utatueleza kwenye kikao," akasema Mwalimu Marcelo, na simu yake ikaita.

Kikao kilikuwa Ijumaa asubuhi. Tangu mwezi wa kwanza mkuu alikuwa ameweka utaratibu kwamba vikao vyote vya walimu ni kwa Kiingereza, ili tuwe mfano kwa watoto. Siku hiyo tulikuwa na mgeni kutoka wilayani, mtu mpole aliyekuja kuona maandalizi ya kambi. Mwalimu Marcelo akasimama na orodha. Alikuwa amejumlisha namba zote thelathini za kila mtoto, hamu na ile nyingine pamoja, akawapanga kuanzia mwenye nyingi mpaka mwenye chache, akakata mstari chini ya wa hamsini. Wa kwanza kabisa alikuwa Yakobo, mia moja na hamsini kamili. Wa hamsini alikuwa na mia moja na nne. Sayi, sabini na tatu na kumi na saba, alikuwa na tisini.

Klementina akasimama. Nilimwona akishika ukingo wa meza. Alitaka kusema kwamba vitu viwili hivyo havijumlishwi, ni kama kujumlisha urefu wa mtu na joto lake. Alitaka kusema kwamba Yakobo hakusoma hata sentensi moja. Alitaka kusema kwamba watoto waliosema ukweli ndio wamewekwa chini ya mstari, na waliozungushia ili kumfurahisha mwalimu ndio wako juu. Kwa Kiswahili angemaliza kwa dakika mbili na mkuu angeelewa. Alisema maneno manne ya Kiingereza. La tano halikuja. Mgeni alimtazama kwa upole, akisubiri, na nadhani ule upole ndio uliommaliza. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Mwalimu mmoja kijana akaangalia dari. Mkuu akamwambia, kwa nia njema, asante sana Mwalimu, tunakushukuru kwa kazi kubwa, na watu wakapiga makofi, na Klementina akakaa chini katikati ya makofi.

Sasa nitasema la kwangu, maana bila hilo habari hii ni ya uongo. Mimi nilisoma kwa masista. Kiingereza kinanitoka bila shida. Jambo lile nilikuwa nimeelezwa kibarazani, nililijua lote, na ningeweza kusimama na kulisema badala yake. Lakini binti yangu Jenifer alikuwa Kidato cha Nne mwaka huo, na kwenye orodha ile alikuwa wa arobaini na moja. Nilikaa. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Kambi ilianza Jumatatu. Walimu wa masomo yote tulipangiwa vipindi vya kambi, na waliobaki nje, watoto sitini na wanane, waliambiwa waendelee kuja kama kawaida. Kilichoitwa kawaida kilikuwa chumba kimoja na ubao. Kuna siku nzima ilipita bila mwalimu kuingia humo.

Siku ya tatu Sayi alikuja nyumbani kwetu saa kumi jioni. Klementina alikuwa anaanua nguo. Nilikuwa ndani upande wangu, dirisha wazi.

"Madamu, shikamoo."

"Marahaba, Sayi. Karibu ukae."

Hakukaa. "Wanasema sisi ndio tusio na moyo," alisema. "Yakobo amekuja na orodha aliyopewa baba yake, amesimama mbele ya darasa letu amesoma. Namba ya kila mtu. Ya kwangu ameisoma mara mbili."

Klementina akasema jina lake tu.

"Ulisema hautanirudia."

"Nilisema."

"Mimi nilifumba macho kweli, madamu. Karatasi ilisema fumba macho, nikafumba. Nikatazama, sikuona kitu. Ningeweza kuandika tano kama wenzangu. Nilikuwa naona karatasi ya Gloria pembeni yangu, ni tano tupu. Nikasema hapana, huyu madamu ametuomba ukweli."

Nilisikia ndoo ikiwekwa chini. Klementina alimwambia kwamba atakwenda kwa mkuu, kwamba kuna kosa limefanyika katika kujumlisha, kwamba kosa ni lake yeye. Aliongea kwa haraka, Kiswahili na Kisukuma pamoja. Sayi alimsikiliza mpaka mwisho, akaaga kwa heshima, akaenda. Kesho yake hakuja shule, wala keshokutwa.

Klementina alikwenda kwa mkuu. Alikwenda mara tatu. Mara hizo aliongea Kiswahili, na mkuu alimwelewa vizuri, na hilo halikusaidia chochote. Orodha ilikuwa imeshapelekwa kwa wazazi na kwa ofisi ya kata. Wazazi wa wale hamsini walikuwa wameshaleta magodoro.

"Nikibadili mmoja watakuja sitini," Mwalimu Marcelo alisema. "Na nikimtoa Yakobo namwambia nini baba yake? Kwamba kipimo ni kibovu? Wewe ndiye uliyekileta, Mwalimu."

Basi akaanza kuwafundisha walioachwa yeye mwenyewe. Kila siku baada ya vipindi vyake vya kambi, saa tisa mpaka kumi na moja, aliingia kwenye kile chumba. Nami niliingia siku za Jumanne na Alhamisi, kwa aibu zaidi kuliko kwa wema. Mwanzoni walikuja thelathini. Baada ya majuma mawili walikuwa kumi na mmoja. Mvua za masika zilikuwa zimenyesha vizuri, palizi ilikuwa imewaelemea watu, na mzazi aliyeambiwa kwa barua kwamba mwanawe hana moyo wa kusoma haoni kwa nini mtoto huyo asishike jembe. Siku moja Klementina aliwakuta wanne. Aliwafundisha wale wanne kwa muda wa saa mbili kamili, akarudi, akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu. Nilimpelekea uji wa mtama. Asubuhi nikakuta kikombe palepale, uji umeganda.

Katikati ya mwezi wa nne, siku ya Jumamosi, tulikwenda kwa Ndalahwa. Alinitaka niende naye kwa sababu, alisema, akiwa peke yake atarudia njiani. Tulitembea saa moja na nusu. Tulimkuta mzee shambani, kofia ya mkeka kichwani, na tukaona shamba kabla hajatuona sisi. Pamba ilikuwa imefika kiunoni, imeanza kuweka vitumba, lakini upande wa mashariki, karibu nusu eka, majani yalikuwa ya kahawia, yamejikunja kama karatasi iliyosogezwa motoni.

"Mwadila, tata," Klementina alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita baba.

"Mwadila, mayu," naye akamwita mama. "Mhola?"

"Mhola duhu," akajibu, salama tu.

Alituonyesha mahali pa kukaa, akamtuma mtu alete michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maji. Hakuuliza tumefuata nini. Aliona Klementina anaangalia yale majani.

"Dawa," alisema. "Mwaka huu zilikuja chupa za maandishi ya Kiingereza tu. Miaka yote Sayi ndiye anayenisomea. Anasoma kwa sauti, kwanza kwa lugha yao, halafu ananigeuzia kwa Kisukuma. Vifuniko vingapi kwa bomba moja la kupulizia, ukae siku ngapi. Tulikuwa tunamcheka hapa nyumbani, tunasema Sayi anaongea na chupa. Safari hii nikamwita. Akaniambia, tata, sijui Kiingereza. Nikasema, mwanangu, si juzi tu ulinisomea? Akasema, hapana, sikijui, wameandika." Akachukua jani moja, akalisugua vidoleni, likawa unga. "Nikapima kwa kukisia."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza mvua ilivyonyesha. Klementina aliweka mikono usoni. Alikuwa amekaa miaka anatafuta namna ya kupima kitu hicho, jinsi mtu anavyojiona, na hapo kilikuwa mbele yake, nusu eka.

Sayi alikuja na sahani ya michembe. Alipiga magoti, akatusalimu sote wawili kwa Kisukuma, akageuka aondoke. Klementina akamwomba akae, akamweleza yote mbele ya baba yake: daftari, ofisi ya mkuu, kikao, namna alivyosimama na kushindwa kusema.

"Kwa nini ulishindwa?" Sayi aliuliza.

"Kwa sababu kilikuwa kikao cha Kiingereza."

Msichana aliinua macho. Sijui nilitegemea nini. Labda nilidhani watalia pamoja. Sayi akasema, taratibu, "Basi kama hata wewe," na hakumalizia. Akachukua chombo cha maji, akaenda zizini. Tulikaa mpaka jua likaanza kushuka, hakurudi. Njiani Klementina alisema mara moja tu, "Nimemwambia kitu ambacho hakupaswa kukijua." Hapo ndipo alipoacha kulia. Kuanzia siku ile sikusikia kitu upande wa pili, hata redio.

Alimwandikia msimamizi wake wa utafiti chuoni. Barua ilikuwa ya Kiingereza, nzuri, nimeisoma. Kwa maandishi hakuwahi kushindwa. Alieleza kwamba alivunja ahadi aliyowapa watoto, kwamba takwimu hizo si halali tena, na kwamba anaziondoa. Muda wake wa masomo alikuwa ameshauongeza mara mbili na hakukuwa na wa tatu. Msimamizi alijibu kwa mistari mitatu. Alisema anasikitika, alisema wenzake wengi wangenyamaza, na alisema kwamba kwa hiyo jina lake litafutwa mwishoni mwa muhula. Miaka minne ya kusoma ikaishia hapo. Mama yake alipopiga simu kutoka Mwamanyili kuuliza mahafali ni lini, nilimsikia akisema, "Bado kidogo, mayu."

Kisha alifanya jambo ambalo watu waliliona la ajabu. Alizidai karatasi zake na lile daftari kwa mkuu, na mkuu akampa, nadhani akijiona ametua mzigo. Akaanza kuzirudisha. Moja moja, mkononi mwa aliyeijaza. Wa kambini aliwaita pembeni. Wa nje aliwafuata majumbani kwa baiskeli. Kwa kila mmoja alisema maneno yaleyale: hii ni yako, niliahidi kuitunza sikuitunza, nisamehe. Wengine walicheka. Mzazi mmoja wa Kasoli alidhani ni barua ya kufukuzwa shule, akaanza kugombana kabla hajaisoma. Jenifer wangu aliikunja yake, akaitia mfukoni, akaniangalia mimi, si yeye. Ya Sayi alimwachia Ndalahwa, kwa sababu Sayi alikuwa kisimani na hakutaka kuja.

Mitihani ilianza mwezi wa kumi na moja. Sayi alikuwa ameshasajiliwa tangu mwanzoni mwa mwaka, kiti chake kilikuwepo, na namba yake ilikuwa imebandikwa kwenye meza. Klementina alikwenda kwa Ndalahwa mara mbili mwezi ule, na mzee akamwambia, "Mayu, nimemwambia. Siwezi kumfunga kamba kama ndama." Siku ya kwanza Sayi alikuja. Nilimwona akiingia na sare iliyopigwa pasi, na nilimwona Klementina akigeukia ukuta. Sayi alifanya Uraia, akafanya Kiswahili, akafanya Historia. Siku ya Kiingereza meza yake ilikuwa tupu. Msimamizi wa chumba aliita namba mara tatu kama utaratibu unavyotaka, akaweka alama kwenye karatasi ya mahudhurio. Kesho yake Sayi alirudi, akafanya mtihani wangu wa Baiolojia kama kawaida.

Matokeo yalipotoka, kambi ilifanya vizuri kuliko miaka ya nyuma, sina budi kusema hivyo. Jenifer alifaulu. Yakobo alipata sifuri. Sayi alipata daraja la nne, ambalo halimpeleki popote, na kwenye Kiingereza palikuwa na ile herufi ya mtu ambaye hakufika. Baiolojia alipata B. Ilikuwa B ya mtu aliyesoma maswali marefu ya Kiingereza kwa saa tatu na kuyajibu kwa Kiingereza, sentensi nzima nzima. Nilimwonyesha Klementina. Alitazama ile herufi, akanirudishia simu.

Mwezi uliopita alisikia kwamba Sayi amepelekwa kwa shangazi yake, na kwamba huyo shangazi anakaa Mwamanyili, vitongoji viwili tu kutoka kwao Klementina. Akaenda kuwasalimu wazee wake, na kutoka huko akaenda kwa shangazi. Sayi alikuwa kwenye majaruba, anapandikiza mpunga, sketi imefungwa juu ya magoti. Alitoka kwenye maji, akanawa mikono, akamletea mwalimu wake kigoda. Klementina alimwambia kuhusu mtihani wa kujitegemea, kwamba angeweza kurudia masomo mawili tu, Kiingereza na Hisabati, na kwamba kituo cha Bariadi kinapokea majina mpaka mwisho wa mwezi wa pili. Alisema yeye mwenyewe yuko tayari kumfundisha kila likizo, hapohapo Mwamanyili, kwa lugha yoyote.

"Anajibu?" nilimuuliza aliporudi.

"Ananijibu Kisukuma. Kila nikimwambia kitu kwa Kiswahili ananijibu Kisukuma. Kiingereza hata sikuthubutu." Alikuwa anafungua kamba za viatu vyake vyenye tope. "Nilimuuliza, basi utafikiria? Akasema atafikiria. Alisema vile mtu anavyomwambia mgeni ili aondoke salama."

"Lakini alisema."

"Alisema."

Leo ni tarehe kumi na tisa ya mwezi wa pili, na jibu la Sayi bado halijaja. Klementina bado anafundisha, Kidato cha Kwanza tu, aliomba mwenyewe. Vikao vyetu bado ni vya Kiingereza, na yeye hukaa karibu na mlango. Juzi mkuu alipouliza kama kuna mwenye neno nilisimama mimi. Nilisema kwa Kiswahili, nikaeleza habari ya ile orodha tangu mwanzo, na jina la binti yangu na nafasi yake. Walimu walinisikiliza. Mwalimu Marcelo aliandika kitu kwenye daftari lake, akasema jambo hilo limeshapita, akaendelea na ajenda iliyofuata. Klementina hakuinua macho. Tulipotoka alinipita kwenye kibaraza, akashika njia ya darasani, chaki mkononi.